Uzi maalumu wa kuvuta boti kwa pikapu: Hilux, Ranger, D-Max na barabara ya Dar–Mwanza

Nahodha wa Bara (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Maswali ya kuvuta boti yamekuwa mengi inboksi, nimeona niyaweke hapa kila mtu asome na wenye uzoefu wajazie.

Hali yenyewe iko hivi. Mtu kanunua boti ya faiba Dar, futi 20 hadi 23, anataka ifike Mwanza, Musoma au Bukoba. Akiulizia lori la kuibeba, bei inamkata maini. Nyumbani ana Hilux, Ranger au D-Max, basi anauliza: "Itaivuta?" Itaivuta. Dizeli hizi za lita 2.4 hadi 3 zina nguvu ya kutosha na chenji inabaki. Ila safari ni kilomita zaidi ya 1,100, na katika kilomita zote hizo kuvuta ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kulisimamisha tela pale basi linapokuchomekea, na kulifanya likufuate limetulia bila kuchezesha mkia. Hayo mawili hayaangalii injini. Yanaangalia uzito umekaaje na breki ziko wapi.

Nianze na uzito, maana hapo ndipo tunapodanganyana. Muuzaji anakwambia boti ina kilo 900. Ni kweli, lakini hilo ni ganda tupu. Yamaha F115 inapita kilo 170. Petroli lita 150 ni kama kilo 110. Betri, nanga, kamba na maboya, weka 100. Tela la ekseli mbili lenyewe halikosi kilo 500. Hapo tayari unakaribia 1,800, na bado hujafika kwenye tabia yetu ya kuigeuza boti kontena: nyavu, mabati ya kuezekea nyumba ya kijijini, magunia mawili matatu "kwa kuwa nafasi ipo". Mzigo unafika tani 2 na robo na dereva bado kichwani ana ile 900 ya muuzaji.

Sasa fungua kitabu cha gari. Hilux ya 4x4 ya 2.8, Ranger ya dizeli ya miaka ya karibuni na D-Max ya 3.0 zinatangazwa kuvuta hadi kilo 3,500. Hilux za zamani, zile Vigo zilizojaa mitaani kwetu, nyingi ni 2,500 au pungufu, kwa hiyo soma cha gari lako, usisome cha jirani. Namba hiyo ina masharti. Kwanza, ni kwa tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, kikomo cha pikapu hizi ni kilo 750 tu. Pili, kuna kikomo cha gari na tela kwa pamoja, kwa hiyo ukipakia watu watano na mizigo kwenye bodi, kile unachoruhusiwa kuvuta kinashuka.

Rudia hesabu: tela la kilo 1,800 lisilo na breki limepita kikomo zaidi ya mara mbili. Hilo halifai kuingia barabarani, awe anaendesha nani.

Karibuni tujadili.

Kijana wa Gerezani

Mkuu, umegusa kazi yetu, niongezee upande wa karakana.

Matela mengi ya boti yanayochomelewa mitaani hayana breki kwa sababu mteja akisikia bei ya breki anasema "tutaweka baadaye". Haiwekwi. Wateja, mjue kwamba breki ya kusukuma si kitu cha ajabu. Shingo ya tela inakuwa na bomba linaloteleza ndani ya bomba. Ukikanyaga breki kwenye pikapu, tela linakuja mbele kwa uzito wake, bomba linaingia ndani, linavuta kebo au linasukuma mafuta ya breki, na breki za tela zinashika. Haina waya wala swichi ndani ya gari. Ubaya wake ni wakati wa kurudi nyuma: tela likipanda mwinuko kinyumenyume linajibana breki lenyewe, kwa hiyo lazima kuwe na kipini cha kuifunga wakati wa rivasi, na ukikitia ukumbuke kukitoa.

Za umeme zina nguvu nzuri na dereva anaweza kuzikamata peke yake kwa kidole, bila kukanyaga breki ya gari. Ila tela la boti linazama majini, na umeme na maji ya chumvi havikai nyumba moja. Kwa boti ya baharini mimi nashauri ya kusukuma.

Jambo jingine ni ukubwa wa boli la kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya pikapu linalokaliwa na kikombe cha shingo ya tela. Matela yaliyotoka Marekani yana vikombe vya saizi tofauti tofauti, na pikapu nyingi hapa zina boli la milimita 50. Kikombe kikubwa juu ya boli dogo kinafunga vizuri tu ukiwa umesimama, halafu kinaruka kwenye tuta. Ukishafunga, chukua jeki ya shingo ya tela, nyanyua mpaka uone mkia wa pikapu unaanza kupanda nao. Ukipanda bila kuchomoka, kimeshika. Minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo, wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto, ili shingo ikichomoka idakwe na minyororo isichimbe lami.

Binti Pwani

Shikamooni wakubwa. Nina swali la kweli maana limetukuta. Mume wangu anavuta boti ya futi 19 kutoka Bagamoyo kuja Dar, gari ni D-Max. Hadi 60 iko shwari. Ikikaribia 80 tela linaanza kuyumba kushoto na kulia, na basi likitupita ndiyo kabisa, mpaka usukani unavutwa. Kuna fundi ametuambia shingo ya tela ni nzito mno, inalizamisha gari nyuma, tuhamishie vitu kwenye tezi (nyuma) ya boti ili shingo iwe nyepesi. Ni sahihi?

Nahodha wa Bara

@Binti Pwani marahaba dada. Nakuomba sana, msifanye hivyo kabla hamjasoma hapa. Ushauri huo unaongeza ugonjwa.

Tela linalovutwa lina sehemu moja tu iliyoshikwa, nayo ni pale kwenye boli. Uzito ukiwa mbele ya ekseli, kila tela linapoyumba kidogo linarudishwa kwenye mstari. Uzito ukiwa nyuma, mkia ukishaanza kwenda upande unaendelea kwenda, unarudi kwa nguvu zaidi, na kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliopita. Boti zina balaa hili kuliko mizigo mingine kwa sababu mashine, tangi na betri vyote kwa kawaida vinakaa tezi. Hata boti ambayo hujapakia kitu tayari imeelemea nyuma.

Shingo inatakiwa ibebe asilimia 10 hivi ya uzito wote wa tela na boti. Kwa tela la boti usishuke chini ya 7. Kwa tela la kilo 1,400 hiyo ni kati ya kilo 100 na 140.

Namna ya kupima bila kwenda popote: tafuta mizani ya chumbani ya kupimia watu. Weka kipande cha bomba sakafuni, na mizani umbali wa sentimita 90 kutoka kwenye bomba. Laza ubao mgumu juu yake, ncha moja kwenye bomba na nyingine katikati ya mizani, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Sasa shusha shingo ya tela juu ya ubao sentimita 30 kutoka kwenye bomba. Unachosoma zidisha mara 3. Mizani ikisema 40, shingo ina kilo 120. Fanyeni kwenye sakafu tambarare, tairi za tela zimezuiwa kwa vigogo, na boti ikiwa na mafuta na vitu vyote kama itakavyosafiri.

Ikiwa nyepesi, msianze kuhamisha madumu. Sogezeni boti yenyewe. Ile nguzo ya winchi (kifaa cha kuvutia boti) inayoshika omo, yaani mbele ya boti, imefungwa kwa yubolti (bolti za umbo la U). Legezeni, isogezeni mbele, vuteni boti ifuate. Boti ya kilo 1,300 kwenye tela ambalo ekseli iko mita 5 kutoka kwenye boli, ukiisogeza sentimita 10 tu, shingo inaongezeka kilo 26. Kwa hiyo sentimita ni nyingi, msiende kwa kubahatisha. Halafu hakikisheni tezi bado imelala juu ya mbao za tela hadi mwisho. Ikining'inia nje, uzito wa mashine utalikunja ganda kidogo kidogo na faiba itapasuka pale.

Gari kuzama nyuma ni suala jingine. Kilo 120 zilizo nyuma kabisa ya ekseli zinaishindilia ekseli ya nyuma kwa zaidi ya kilo 120, kwa sababu wakati huohuo zinanyanyua mbele. Punguzeni mizigo kwenye bodi, isogezeni karibu na kabini, na mkague springi. Shingo isipunguzwe.

Na likianza kuyumba mko njiani: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha mwendo ushuke wenyewe. Usifukuzane na mkia kwa kukata usukani, utauzidishia. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu, maana gari likishika na tela linasukuma, linajikunja. Kuna wanaosema uongeze mwendo "kulinyoosha". Ukiongeza unalipa tela nguvu zaidi za kuyumbia. Kutoka 80 kwenda 100 nguvu ya mwendo inapanda kwa zaidi ya nusu nzima.

Ukerewe Moja

Mimi niko huku ziwani, napokea boti zinazotoka Dar. Karibu kila iliyokwama njiani imekwama kwa beringi au tairi, na mara nyingi ni yote mawili.

Tela la boti linaua beringi kwa namna yake. Ukifika ziwani baada ya safari, habu (vitovu vya magurudumu vyenye beringi) ziko moto. Unalitumbukiza tela majini hapohapo, hewa iliyo ndani ya habu inapoa ghafla na kunywea, inavuta maji kupita kwenye sili. Grisi inachanganyika na maji inakuwa kama uji wa maziwa. Siku ile huoni kitu. Unaona safari ijayo, habu inapokatika na tairi linakupita. Fika, kunywa chai, fungua mikanda taratibu, acha habu zipoe ndipo ushushe boti. Na kwa wanaotoka baharini, suuzeni tela lote kwa maji yasiyo na chumvi, na breki ndani pia.

Njiani kila unaposimama zunguka na uguse kila habu kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Moja ikiwa moto kuliko wenzake usiseme nitaangalia mbele. Beba habu moja kamili iliyokwisha kupigwa grisi, na beringi na sili zake, tairi la akiba la tela, na spana inayoingia kwenye nati za tela. Nasisitiza spana, maana nati za tela na za pikapu mara nyingi hazilingani, na mtu anaijua tofauti hiyo akiwa porini Igunga saa kumi jioni. Jeki nayo ijaribuni nyumbani kama inaingia chini ya ekseli.

Tairi: tela linaweza kukaa uwanjani mwaka mzima bila kutembea, kashata zinaonekana mpya kabisa, kumbe mpira umekufa kwa jua. Soma zile namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona nyufa ubavuni achana nalo. Upepo jaza kulingana na mzigo, kama ulivyoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi laini linachemka.

Tingo Mstaafu

Nimesoma yote, mmeandika vizuri. Naongezea njia, maana nimeipita sana kwa malori.

Ukitoka Dar, usiku uache kabisa. Baiskeli hazina taa, malori mabovu yameegeshwa kwa majani mawili barabarani, na tela lako refu haliwezi kukwepa kama pikapu peke yake. Tandika mkanda wa kuakisi mwanga ubavuni mwa tela na kwenye tezi ya boti, maana taa zako za nyuma ziko chini na mtu anayekuja kwa pembeni hazioni.

Matuta: punguza mapema, vuka polepole mpaka ekseli ya mwisho ya tela imepita, ndipo ukanyage mafuta. Wengi wanahesabu tairi za gari tu. Gari likishavuka wanaondoka, tela bado linapigwa, na hapo ndipo kikombe kinaruka na mikanda inalegea.

Singida mpaka Shelui ndiyo kuna mlima wa Sekenke, na ukitoka Dar unaushuka. Gia unayochagua juu ndiyo unayoshuka nayo. Ingia ya tatu au ya pili kabla ya mteremko, acha injini ikamate, na breki uikanyage kwa vipindi, ushike halafu uachie, usiiburuze. Gari za otomatiki msishuke na D. Weka kwenye kuchagua gia mwenyewe. Kumbukeni breki za kusukuma alizoeleza fundi hapo juu: kila unapokanyaga breki ya gari kwenye mteremko, tela linasukuma na breki zake zinabana. Ukiburuza breki mlima mzima, zote zinachemka pamoja. Ukisikia harufu, simama pembeni, usimwagie maji, zikae zipoe.

Pale mizani nako watu wanabishana. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki ya 2016 inaanzia kilo 3,500. Pikapu yenyewe ni tani 2 na ushee, ukiongeza tela mnapita. Mimi ningeingia mizani ya Vigwaza bila kusubiri kuitwa, na ningewaomba wanisomee uzito wa kila ekseli. Hapo ndipo unaujua ukweli wa mzigo wako ukiwa bado karibu na Dar na unaweza kupunguza.

Kisumu Dala

Hapa kwetu tunavuta kutoka Mombasa hadi Kisumu, na mteremko wa Mai Mahiu una historia ile ile ya breki kuchemka. Swali langu ni kufunga boti. Nimeona watu wakitegemea mkanda wa winchi peke yake. Hiyo inatosha?

Nahodha wa Bara

@Kisumu Dala haitoshi ndugu yangu. Mkanda wa winchi kazi yake ni kuvuta boti ipande kwenye tela. Weka mnyororo mfupi wa omo kwenda kwenye nguzo, tofauti na winchi, na mikanda miwili ya kukazia kwenye tezi, kila pembe na wake, ikivuta chini na mbele kidogo. Mahali mkanda unapopita kwenye ukingo wa faiba weka kipande cha kapeti, vinginevyo mpaka Morogoro faiba imeliwa na mkanda umekatika nusu. Baada ya kilomita 30 za mwanzo simama ukaze upya, kwa sababu boti inajikalia. Mashine inyanyuliwe, iwekewe mti wa kuiegemeza kwenye tela, isining'inie kwenye pampu yake ya kunyanyulia njia nzima. Turubai kama huwezi kulifunga likabana kabisa, livue. Likianza kupigwa na upepo linavuta boti nzima.

Kushua (kushusha boti majini) nako kuna utaratibu. Simama pembeni kwanza, usizibe njia ya wengine. Rudisha kizibo cha maji kwenye tezi. Chomoa plagi ya taa za tela. Fungua mikanda ya tezi, lakini ule wa winchi na mnyororo wa omo viache mpaka boti imegusa maji, kwa sababu faiba ikilowa inateleza kwenye mbao na itashukia zegeni. Abiria wote wateremke. Dereva awe na dirisha wazi na mkanda wa kiti amefungua, gari liko 4L (gia nzito za 4x4), na mtu mwingine awe na kigogo tayari cha kuweka nyuma ya tairi. Pale ukijani unapoanzia kwenye zege ndipo utelezi ulipo, tairi za nyuma za pikapu zisifike hapo. Kwa wa Dar, angalieni jedwali la maji kujaa na kupwa. Kwenye bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, unaweza kushua vizuri asubuhi na mchana ukakuta mwisho wa ngazi ya zege ni tope. Huko ziwani hakuna kupwa na kujaa, ila fukwe nyingi ni mchanga mtupu, kwa hiyo chukua kamba ndefu, gari libaki pagumu.

Karatasi: tela lina namba yake ya usajili na bima lazima ilitaje. Mwambie wakala wa bima kwa maandishi kwamba unavuta boti. Boti nayo inasajiliwa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), msisubiri ifike majini.

Binti Pwani

Nimerudi na majibu. Tumepima kwa ubao na bomba kama ulivyosema. Tela na boti ni kilo 1,400 kwa mizani ya kupimia magari. Mizani ya chumbani ilisoma 21, kwa hiyo shingo ilikuwa na kilo 63 tu. Tumesogeza nguzo ya winchi mbele sentimita 15, sasa inasoma 33, yaani 99. Tezi bado imelala kwenye mbao, tumepitisha mkono chini kuhakikisha. Jana tumetoka Bagamoyo, mabasi yametupita na tela limetulia. Hatukuzidi 80. Tuongeze tena?

Nahodha wa Bara

@Binti Pwani 99 kwa 1,400 ni asilimia 7, mko kwenye mpaka wa chini. Kama mbao zinaruhusu, ongezeni sentimita 5 nyingine mpime upya, mtafika kama 110. Lile dumu la mafuta la akiba lihamishieni omo. Na zile nati za yubolti za nguzo mlizolegeza, kazeni tena leo kabla gari halijatoka, kisha mziangalie mkifika Bunju.